Kitambaa Cheupe Kwenye Ukuta wa Bucha

Wawira alikuwa amekwenda kununua matumbo, hakuwa amekwenda kutafuta dhambi ya mtu. Hilo alilisema mwenyewe baadaye kwa kila aliyetaka kusikia, na kwa wengi ambao hawakutaka. Alikuwa kwenye laini ya bucha iliyo nyuma ya soko, akainua macho kuona kama mbavu za mbuzi zimepanda bei tena, na pale ukutani, kando ya mbavu, akakutana na Eucabeth.

Eucabeth alikuwa anacheka. Si kile kicheko cha picha ya kitambulisho. Alikuwa amefungua mdomo mpaka pengo la juu likaonekana, macho ameyafumba, mikono imejaa minji, zile njegere za kijani. Nguo ilikuwa ile ya kanisa, na kichwani alikuwa amefunga kitambaa cheupe cha akina mama, chenye msalaba wa uzi wa bluu hapa kwenye paji la uso. Chini ya picha palikuwa na maandishi makubwa: WENZANGU KAZINI, filamu ya Mercyline Masinde, Jumamosi mchana, ukumbi wa mji, kuingia ni bure.

"Unamjua huyo, mathe?" kijana wa bucha akamuuliza. "Tangu tumuweke hapo watu wanacheka tu, wanasahau kuniambia nikate wapi."

Wawira alikuwa katibu wa chama cha akina mama. Alitoka pale bila matumbo, akapita soko lote bila kusalimia mtu, na alipofika kwa stendi ya boda alikuwa ameshampigia simu mwenyekiti.

Sasa, kitambaa kile si kitambaa cha kununua dukani. Mwanamke hufundishwa mwaka mzima, halafu huombewa mbele ya kanisa, ndipo afungwe. Kina kazi tatu: ibada, kutembelea wagonjwa, na mazishi. Ukitoka hapo unakikunja, unakirudisha sandukuni pamoja na vipande vya sabuni ili kinukie. Kuna wanawake Nakuru waliofukuza nyoka nyumbani wakiwa na kitambaa hicho kichwani, na bado wakaulizwa kwa nini hawakukivua kwanza. Lakini uzuri wake mkubwa ni siku mtu anapokufa. Wenzake wote huja na vitambaa vyao, wanapanga laini mbili, jeneza linapita katikati kama bibi arusi, na wimbo unalisindikiza mpaka shimoni. Mwanamke aliyenyang'anywa kitambaa huzikwa na watu wake tu, kimya kimya, kama mzigo uliofikishwa stesheni.

Eucabeth alikuwa amefungwa kitambaa hicho wakati wanawake wengi wa chama walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Katika wale wa kwanza walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na Mugure mwenyekiti.

Mambo yalianzia kwenye makaa.

Chuo cha sanaa kiko ndani ya godauni la zamani lililokuwa la kuhifadhi pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Ukiingia hata leo unasikia ile harufu kavu ya maua imejificha kwenye mbao, na mende hawakai humo, labda kwa kuogopa historia. Eucabeth alikuwa anauza githeri, mahindi na maharagwe, pale getini, na bintiye Mercyline alikuwa anasoma humo ndani mambo ya kamera. Msichana mmoja wa kuchora, Abby, alizoea kuja kuokota vipande vya makaa vilivyozimika kwenye jiko, achoree. Eucabeth aliona ni ajabu mtoto wa watu kusomeshwa mpaka aokote makaa, lakini hakusema kitu. Alimchagulia vile virefu.

Mwaka wa mwisho Mercyline aliambiwa atengeneze filamu ya watu halisi, ndiyo itakayompitisha au kumwangusha. Akaamua kuwapiga picha wenzake wakiwa kazini. Aliona ni rahisi, kwa sababu wako pale pale na hawatahitaji nauli. Kumbe hakuna kitu kigumu kama kumpiga picha msanii akifanya kazi, maana mara nyingi hafanyi kitu. Anaangalia karatasi. Anakuna shingo. Anaenda chooni, anarudi, anaangalia karatasi. Mercyline alijaza kamera na watu wanaofikiria, na alipoirudisha nyuma kuitazama akalala.

Shida ya pili ilikuwa nguo. Aliwaambia wenzake waje kama kawaida, na wote wakaitikia kwamba watakuja kama kawaida. Siku ya kwanza Kiplimo alikuja na suti. Kiplimo ni kijana wa Salgaa, mamake ana hoteli ya madereva wa malori, na yeye huokota vipande vya tairi zilizopasuka kuanzia kwao mpaka Sachangwan, anavishona kwa waya kuwa punda. Punda wazuri, ukimwona mmoja unatamani kumpa maji. Lakini siku hiyo alisimama na kisu cha kukatia tairi mkononi, tai shingoni, viatu vinang'aa.

"Kiplimo, si tulisema kama kawaida?"

"Hii ndio kawaida ya picha," Kiplimo akasema. "Nyanya yangu ataona hii kitu. Unataka aseme chuo kimenishinda?"

Abby alikuwa ameshonwa nywele mpya. Wavulana wawili walikuwa wamefagia godauni na kuficha kazi zote nyuma ya mlango ili pawe pasafi. Ndivyo watu wa huku walivyo. Mtu hapigwi picha na nguo ya kazi. Nguo ya kazi ni ya kazi.

Kwa hiyo usimlaumu Eucabeth peke yake. Mzee aliyekuwa akikaa kuchorwa alirudi kwao, na mwalimu akaomba mama wa githeri akae kwenye stuli siku chache wanafunzi wamchore, naye Mercyline aipige picha hiyo kazi yote. Chuo kingemlipa kitu kidogo cha unga. Walimtaka na aproni yake na masizi yake. Eucabeth alisikia vizuri, akakubali, akaenda nyumbani akafikiri: nitaangaliwa na watu wengi, nitulie, ninyamaze, na kuna benchi na dirisha refu. Katika maisha yake mahali pa namna hiyo palikuwa kanisani tu. Kesho yake alikuja na nguo ya kanisa na kitambaa.

Mwalimu alipoona ule weupe dirishani hakutaka tena aproni.

Sehemu moja tu iliwashinda. Eucabeth hakuweza kukaa na mikono mitupu. Uso ulitulia kama sanamu lakini mikono ilitafuta kazi, ikakunja leso, ikakunjua, ikafuta vumbi lisilokuwepo. Mwishowe alileta beseni la minji, akawa anaambua.

"Mathe, mikono," Abby akalalamika.

"Mikono imefanya nini?"

"Inatembea."

"Basi ichore ikitembea. Mimi githeri ya kesho siwezi kuiambia ingoje sanaa."

Na mikono ikiwa na kazi, mdomo nao ukafunguka. Akaanza kuwaambia habari za zamani: king'ora cha kiwanda cha blanketi kilivyoamsha mji mzima, hata jogoo wakaacha kuwika wakawa wanalala; gari moshi la kwenda Kisumu na wanawake wa kota za reli waliokimbia nalo sambamba wakipokea barua za dirishani; gauni moja lililozunguka nyumba nne kwa arusi nne. Wanafunzi waliacha kufikiria wakaanza kuchora. Hapo ndipo Mercyline alipata filamu yake. Kila mkono ulikuwa unakimbia, makaa yanakatika, Kiplimo amevua koti la suti akasahau lilikoangukia.

Baada ya ile simu ya Wawira, mwenyekiti alituma neno kwamba yeye na katibu wangefika Alhamisi baada ya chakula cha mchana. Hakusema wanakuja kwa nini. Alisema wanakuja kusalimia, na hilo lilimtia Eucabeth baridi zaidi, maana Mugure hakuwa mtu wa kusalimia Alhamisi. Wawira kwa upande wake hakuwa na siri. Alimwambia jirani, jirani akaipitisha ukutani mpaka kwa Eucabeth: kamati imesema ama ile sehemu ya kitambaa itolewe kwenye filamu, ama kitambaa kirudi.

Masinde, baba wa nyumba, alikuwa ametoka zamu. Zamani alifanya kazi kiwanda cha blanketi mpaka kilipofungwa. Siku hizi alikuwa askari wa geti la watu kule Kiamunyi. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama na kofia ya kazi kichwani.

"Si nilikwambia uvae aproni," akasema.

"Wewe? Wewe ulisema nimependeza. Ulisema nikipita kwa stesheni gari moshi litasimama."

Masinde alikumbuka kwamba aliyasema hayo. Akavua kofia, akaenda kuitundika.

Mercyline alikuwa mezani na kompyuta ya chuo. Aliigeuza ikamkinga, mama asimwone uso. Akasema inawezekana kukata. Angeacha punda wa Kiplimo, angeacha mikono ya Abby, angeweka muziki mahali pa sauti ya mama. Alisema hivyo kwa haraka sana, kama mtu anayevuta plasta. Hakusema kwamba akiitoa sehemu hiyo kitakachobaki ni migongo ya wanafunzi na punda, na kwamba mwalimu alishaiona akasema hiyo ndiyo filamu yenyewe. Lakini Eucabeth alikuwa amezaa mtoto huyo, hakuhitaji kuambiwa.

"Ukikata unaanguka?"

"Nitarudia mwaka, mama. Si kitu."

"Si kitu," Eucabeth akarudia. Alikwenda akafungua sanduku, akakitazama kitambaa, akalifunga. Siku ile maharagwe yaliungua kidogo, na wateja wa getini wakala bila kusema, kwa heshima.

Alhamisi nyumba iliamka ikitafuta vikombe. Vyao vizuri vilikuwa vimebaki viwili na kimoja hakina mkono, kwa hiyo jirani akawaazima vinne vilivyochorwa keki na mishumaa. Sukari ikapatikana. Mandazi yakapikwa mara mbili kwa sababu ya kwanza yalikataa kuvimba, na Eucabeth akayachukulia hayo kama ishara, kisha akakumbuka alisahau hamira. Masinde ghafla alikumbuka baiskeli ya mtu aliyoahidi kuziba pancha. Mkewe alimwangalia mara moja tu. Masinde akaenda akaketi kitandani, nyuma ya pazia linalogawa chumba, miguu yake ikionekana chini.

Mugure aliingia polepole, mwanamke mrefu mwenye mkoba mdogo mweusi na magoti mabaya. Alikataa kochi akachagua kiti cha mbao. Wawira alichagua kochi. Wakaomba, wakaulizana habari za magonjwa, wakasifu chai. Wawira aligeuza andazi akaangalia chini yake kabla ya kulila.

"Mama Mercy," hatimaye Mugure akasema, "tumeona picha yako bucha."

"Naskia iko."

"Kitambaa cha Bwana kando ya figo," Wawira akaongeza.

Mugure alieleza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. Kwamba kitambaa hakifanyi biashara. Kwamba alisikia kulikuwa na malipo. Eucabeth akasema ndiyo, ya unga, na huo unga ndio uliotengeneza mandazi haya. Wawira akaacha kutafuna kidogo, kisha akaendelea. Mugure akasema kwamba kama mtoto ataitoa sehemu hiyo, yamekwisha, hakuna mtu atakayeyataja tena. Kama hataitoa, yeye kama mwenyekiti hana njia, leo ataondoka na kitambaa. Aliyasema yote bila kumtazama Eucabeth, alikuwa anaitazama keki kwenye kikombe.

Mercyline akasema si vibaya waione kwanza, ili wajue wanachokikataa. Wawira akasema wao hawakuja sinema. Lakini alisogea kwenye kochi mpaka akaweza kuona vizuri.

Kompyuta ikawekwa juu ya stuli katikati ya sufuria na Biblia. Mwanzoni walimwona Kiplimo na suti yake anamshona punda sikio, na Mugure akauliza huyo kijana ni wakili wa nini. Wakaona mikono ya Abby imekuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, Wawira akamhurumia mama wa msichana huyo kwa kufua. Kisanduku cha stima pale ukutani kikaanza kulia, tii, tii, kwa sababu token, ile stima ya kulipia kabla, ilikuwa inaisha. Kila mtu alikisikia, na kila mtu akajifanya hakisikii. Halafu dirisha refu likatokea na Eucabeth chini yake, mweupe, na beseni la minji magotini, na sauti yake ikajaza chumba.

"Kulikuwa na msichana kwa chama chetu," Eucabeth wa kwenye kompyuta akasema. "Simtaji jina, yuko hai na ana simu. Huyo msichana alikuwa hawezi kuimba. Sisemi aliimba vibaya kidogo. Akifungua mdomo, paka walikuwa wanatoka kota wanaenda kuishi stesheni. Na alikuwa anapenda kuimba, hiyo ndiyo ilikuwa shida. Analia, anataka kutoka chama. Nikamwambia, wewe fungua tu mdomo kama sisi, tikisa kichwa, sauti nitaiweka mimi. Akafanya hivyo. Watu wakawa wanamsifu. Pasta mwenyewe alimsifu, kwamba ana uso wa wimbo."

Hapo ndipo Eucabeth alipocheka kile kicheko cha bucha. Wanafunzi kwenye filamu walicheka. Wawira pia alicheka, akashika mdomo, akauliza ni nani huyo, eh, ni Mama Hiram? Mugure alikuwa ameweka kikombe chini.

Kwenye filamu mikono iliendelea kuambua minji, lakini polepole.

"Halafu nikapoteza mtoto wangu wa kwanza, Makhanu. Ilikuwa wakati wa mvua. Gari la kanisa lilikwama kwa tope huko chini na akina mama wote ndani, na pasta. Tulifika makaburini mimi na baba yake tu, na watu wa jembe. Wanasema tungoje, na shimo linajaa maji. Mtu hawezi kungoja. Tukaanza kumshusha hivyo hivyo, kimya. Sasa nikaona huyo msichana anakuja. Alikuwa ameruka kutoka kwa gari, ametembea yote, viatu mkononi, kitambaa kimelowa kimeshika kichwa kama karatasi. Akasimama pale. Akaangalia huku, akaangalia huku, hakuna wa kuweka sauti. Mimi singeweza. Basi akaimba yeye. Beti zote, peke yake, vile vile vibaya. Watu wa jembe walisimama. Watoto, mimi nimesikia kwaya nyingi. Hata leo wimbo huo ukiimbwa vizuri kanisani, naona kama wameukosea."

Pale picha ilitetemeka kidogo, kwa sababu aliyeshika kamera alikuwa Mercyline na hakuwa amewahi kuambiwa jambo hilo zaidi ya jina. Mwalimu aliita ule mtetemo kosa. Mercyline hakuutoa. Kwenye filamu Abby aliacha kuchora, akafuta pua na mkono wenye makaa, na mama wa githeri akamwambia aendelee, mwanga unakwisha.

Mercyline alibonyeza, picha ikasimama. Stima ililia tii, tii.

"Lakini ni nani?" Wawira akauliza tena, kwa sauti ya chini safari hii.

Eucabeth alikuwa anazoa makombo ya mandazi mezani kwa kiganja. Angeweza kujibu. Neno moja tu, na mwenyekiti angetoka kwenye kiti kile akiwa mtu mwingine, na kamati nzima ingekuwa na habari mpya ya kula mpaka Krismasi. Akazoa makombo yote, akayaweka kwenye sahani.

"Nimesema simtaji," akasema. Akainuka, akaenda sandukuni, akarudi na kitambaa kimekunjwa mara nne, kinanuka sabuni. Akakiweka mezani mbele ya Mugure, mbali na chai kisije kikalowa. "Mtoto hatakata. Nimekaa nikajiona hapo, na huyo mama anayecheka nilikuwa nimemsahau. Sijui alienda wapi miaka yote hii. Siwezi kumtoa mara ya pili. Chukua tu, Mugure. Sitakasirika. Nitakasirika kidogo, lakini nitakuja kanisa."

Alimwita kwa jina lake, bila Mama, bila mwenyekiti, na hata Masinde nyuma ya pazia aliondoa miguu yake sakafuni.

Mugure hakukigusa kitambaa. Alikiangalia kwa muda mrefu, ule ushonaji wa zamani wa mkono, uzi wa bluu uliopauka. Alipoongea alikuwa bado anakiangalia.

"Viatu havikuwa mkononi," akasema. "Kimoja tu. Kingine kilibaki kwa tope."

Wawira alikuwa ameinua andazi. Lilibaki pale pale hewani.

"Nilifikiri ni vyote viwili," Eucabeth akasema.

"Kimoja. Nilirudi nacho nyumbani, mzee akaniuliza kama nimeibiwa nusu." Mugure akafungua mkoba wake mdogo, akatoa leso, akapenga kamasi kama mtu mwenye mafua ya kawaida, akaufunga. Kisha akausukuma mkoba ule kidogo mezani, wote wauone. "Angalia huu mkoba. Kitambaa kitaenea hapa? Mimi sikuja na mfuko wa kubebea kitambaa cha mtu. Katibu, wewe uko na mfuko?"

Wawira alikuwa na mfuko mkubwa kabisa, mfuko wa soko, uko hapo miguuni pake. Akausukuma chini ya kochi kwa kisigino.

"Sina," akasema.

"Basi. Lakini bucha hapana, Mercyline. Hiyo picha itoke bucha. Bandikeni kwa duka la dawa, watu wanaoingia huko wanahitaji kuona mtu akicheka."

Masinde alitoka nyuma ya pazia. Alitaka kusema jambo, ilionekana, maana alikuwa amevaa kofia na kuivua tena. Siku ile ya tope alikuwa ameshika jembe, na hakuwa amewahi kuizungumzia, hata kwa mkewe. Badala yake alianza kukusanya vikombe. Alivibeba vyote sita, hata kile kisicho na mkono, akaenda navyo kwenye karai, akaviosha mwenyewe. Mercyline alitamani kamera.

Watu wakiondoka lazima wasindikizwe, hata waliokuja kukunyang'anya kitu. Wawira alitangulia mbele na mfuko wake ambao hakuwa nao, akisema anawahi matumbo. Wanawake wawili wakongwe walifuata nyuma kwa mwendo wa magoti ya Mugure, wakapita kota za reli zilizopakwa rangi upya na zile zilizosahaulika, wakavuka reli penye majani.

Waliongea mambo ya kawaida. Nyumba fulani ilikuwa ya nani, mwembamba yule aliyekuwa anapiga firimbi ya gari moshi alizikwa wapi, kama ni kweli gauni la arusi lilizunguka nyumba nne au tano. Mugure alisema tano. Ya tano ilikuwa yeye, na lilikuwa limeshambana mpaka akaolewa bila kupumua. Walicheka ikabidi wasimame.

"Mercyline atakasirika," Eucabeth akasema. "Nimemwambia nne, na imeshaingia kwa filamu."

"Mwache. Mimi sitakuja hapo mbele ya watu kurekebisha." Mugure aliuhamisha mkoba kwenye mkono mwingine. "Eucabeth. Miaka hii yote kanisani. Ulikuwa unajua bado nafungua mdomo tu?"

"Unafikiri kwa nini nakaa kando yako? Wengine walishahamia mbele kwa sababu ya masikio. Mimi niko pale pale, naimba ya watu wawili."

Mugure alisimama, akaegemea ukuta wa mtu. Alisema ni magoti. Eucabeth alimngoja, akitazama upande wa stesheni, mahali ambapo hapakuwa na gari moshi la kutazama.

"Basi Jumapili hii," Mugure akasema, "imba yako peke yako. Yangu nitajibebea."

Mwalimu wa kwaya, maskini, saa hiyo alikuwa kwake anakunywa uji, hajui lolote.